Unataka Cheti cha Oracle? Usinunue Maswali, Anza na Hiyo Laptopu Yako ya Mtumba

Kama uko Likoni, Mtongwe ama Timbwani, umeskia wasee wa data wanaomoka, na wewe uko na laptopu ya mtumba tu na kiu ya kusoma, hii stori ni yako.

Acha nianze na aibu yangu ndio uniamini. Chuo niliacha katikati, karo ilikataa. Nikasema nitafanya mtihani wa Oracle wa SQL, ule wa namba 1Z0-071, angalau niwe na karatasi ya kuonyesha. Badala ya kuweka databesi kwa mashine nijifunze, nikamlipa jamaa fulani mtandaoni anitumie maswali na majibu "ya ukweli". Nikakariri kama kasuku. Nikaanguka vibaya. Doo nilikuwa nimeweka akiba miezi mingi ikaenda hivyo, na nikapanda feri kurudi home nikiangalia maji tu.

Shida ilikuwa nini? Mtihani unakuuliza, "Ukiandika hivi, nini itatokea?" Na mimi sikuwa nimewahi kuandika chochote. Ukianguka unangoja siku 14 kabla ya kurudia, na unalipa upya. Na wakikushika na maswali ya kuibwa, wanaweza kufuta matokeo yako hata kama umepita. So usifanye hiyo mambo.

Habari njema ni kwamba kujifunza ni bure. Oracle wako na toleo linaitwa Free. Halitumii zaidi ya GB 2 za RAM, na data yako isizidi GB 12. Kwa mwanafunzi hiyo ni nyingi sana.

1. Pima mashine yako kwanza

Kama tayari uko na Linux yoyote, fungua teminali uandike:

free -h
df -h /
uname -m

Ya kwanza inakuonyesha RAM, ya pili nafasi ya diski, ya tatu aina ya mashine. Unataka kuona x86_64. RAM ya GB 4 itajikaza ukifunga brauza, GB 8 ni raha. Diski acha angalau GB 30 wazi.

2. Chagua Linux inayofaa

Hapa ndio wengi hupotea. Ubuntu iko fiti, lakini inatumia faili za DEB na Oracle wanatoa RPM. Usilazimishe. Weka Oracle Linux 9, ni bure na ni ndugu wa Red Hat. Ukiwa na RAM ya GB 8 unaweza kuiweka ndani ya VirtualBox bila kugusa mfumo wako wa sasa. Ukiiweka moja kwa moja kwa diski, hamisha picha na kazi zako kwanza, juu itafuta kila kitu.

Faili ni kubwa, ya databesi pekee inapita GB moja. Tafuta beshte mwenye WiFi, usimalizie data ya simu hapo.

3. Weka databesi

Ingia kwa tovuti ya Oracle, shusha RPM ya Free ya Linux 9, kisha andika:

sudo dnf -y install oracle-database-preinstall-23ai
sudo dnf -y install ./oracle-database-free-23ai*.rpm
sudo /etc/init.d/oracle-free-23ai configure

Jina na namba ya toleo hubadilika, so fuata vile iko kwa jina la faili yako. Usiruke amri ya kwanza. Hiyo ndio inatengeneza mtumiaji anaitwa oracle na kupanga Linux ikubali databesi. Amri ya tatu itakuuliza paswadi. Iandike kwa daftari, si kwa kichwa.

Configure ikigoma, angalia jina la mashine. Andika hostname, halafu cat /etc/hosts. Kama hilo jina haliko kwa hiyo faili, liongeze. Mimi hiyo ilinikula siku mbili.

4. Ingia ndani

sudo su - oracle
export ORACLE_SID=FREE
. /opt/oracle/product/23ai/dbhomeFree/bin/oraenv
sqlplus / as sysdba

Ukijaribu kuunda mtumiaji sai sai, utapigwa na ORA-65096. Usipanik. Oracle ni kama ploti. Kuna geti kubwa, halafu kuna vyumba ndani. Wewe uko getini. Ingia chumbani kwanza:

ALTER SESSION SET CONTAINER = FREEPDB1;
CREATE USER likoni IDENTIFIED BY "PaswadiYako1" QUOTA UNLIMITED ON users;
GRANT DB_DEVELOPER_ROLE TO likoni;
EXIT

Sasa ingia kama mtu wa kawaida:

sqlplus likoni@localhost/FREEPDB1

Ukiona ORA-12541, msikilizaji wa mlango 1521 amelala. Mwangalie kwa lsnrctl status, mwamshe kwa lsnrctl start.

5. Acha stima ikufunze

Unajua mtaani stima hupotea bila hodi. Betri ya laptopu yangu ilikufa kitambo, so stima ikienda na mashine imeenda. Siku moja nilikuwa na jedwali la pochi, salio 500, nishapiga COMMIT. Nikabadilisha salio kuwa 200, kabla sijapiga COMMIT tena, giza. Iliporudi nikawasha:

sudo /etc/init.d/oracle-free-23ai start

Salio? 500. Hapo ndio nilielewa kitu nilikuwa nimekariri bila kuelewa. Oracle huandika kila badiliko kwa faili za redo, na haikuambii COMMIT imekubali mpaka iwe imefika kwa diski. Ikiamka baada ya ajali inasoma hizo redo, inarudisha mabadiliko yaliyorekodiwa, halafu inatengua yale hayakuthibitishwa. Fikiria unamtumia mathe pesa kwa simu. Haiwezekani zitoke kwako zisifike kwake. Ni zote mbili ama hakuna.

Na mtego wa mtihani ndio huu: fanya UPDATE bila COMMIT, kisha CREATE TABLE, halafu ROLLBACK. Ile UPDATE haitarudi, juu CREATE TABLE inathibitisha kila kitu cha nyuma yake. Usiniamini mimi, jaribu kwa mashine yako.

Utajua uko tayari lini?

Larry Ellison, mmoja wa watatu walioanzisha Oracle mwaka wa 1977, naye aliacha chuo. Sikwambii uache, mimi najua vile inauma. Nakwambia tu kwamba databesi haiulizi cheti chako cha zamani, inauliza kama umeandika amri sawa.

So usilipe mtihani bado. Futa kila kitu, anza upya kutoka hatua ya kwanza bila kuangalia hii stori. Ukimaliza jioni moja, na unaweza kueleza kila ORA iliyokupiga njiani, nenda kalipe. Mimi nilirudia hivyo mara tatu kabla nirudi kukaa mtihani. Safari hiyo, kwa feri, sikuangalia maji.