Somo la Sita: Ukinyimwa Habari na Ofisi ya Serikali

Juma lililopita tulijifunza namna ya kuandika barua ya kuomba habari katika ofisi ya serikali. Leo tunaingia katika jambo lililo gumu zaidi: ufanye nini ukinyimwa? Shika kalamu na daftari, maana kuna hesabu ya siku. Sheria tunayoieleza ni ya Kenya, nayo ni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Asili yake ni Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali.

Tuseme kijijini kwenu kisima kilianza kuchimbwa, kisha kazi ikasimama. Akina mama wamerudi kuteka maji mtoni. Mmeandikia ofisi ya kaunti mkiomba kuona mkataba na hesabu ya fedha zilizolipwa. Karani anasema, "Hiyo ni siri." Je, mrudi nyumbani mkanyamaze? La, hasha.

Kwanza, hesabu siku. Ofisi ina siku 21 za kujibu tangu ilipopokea barua. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48 tu. Habari zikiwa nyingi mno, ofisi yaweza kuongeza muda mara moja, usizidi siku 14. Muda ukipita bila jibu, sheria huhesabu kuwa ombi limekataliwa. Basi kunyamaza kwao nako ni jibu, nawe waweza kulipinga. Ndiyo sababu tulikuambia uweke nakala ya barua yako, yenye mhuri wa siku ilipopokelewa.

Pili, usikubali kukataliwa kwa mdomo. Waombe wakuandikie. Sheria inawataka wakupe sababu, na wakueleze jinsi ya kukata rufani. Yako mambo ambayo ofisi inaruhusiwa kuyazuia, kama usalama wa taifa na siri za maisha ya mtu binafsi. Lakini hata hayo, mahakama ikiona faida ya umma yapita madhara, yaweza kutolewa. Tena, sababu yako ya kuitaka habari haiwezi kuwa kisingizio cha kukunyima.

Tatu, peleka shauri lako kwa Tume ya Haki katika Utawala, ambayo wengi huijua kwa jina la Ombudsman. Una siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi. Huna haja ya kumlipa wakili. Eleza kwa maneno mepesi: uliomba nini, siku gani, na ulijibiwa nini. Tia nakala za barua zote. Tume ina uwezo wa kuwaita maofisa, kudai hati, na kuamuru habari itolewe. Asiyeridhika na amri ya Tume aweza kwenda Mahakama Kuu, nako ana siku 21.

Huenda wauliza, "Raia ataiwezaje serikali?" Sikiliza. Raia wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, waliomba mikataba ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi. Hawakupewa. Walipokwenda mahakamani, upande wa serikali ulitaja usalama wa taifa na masharti ya siri yaliyomo katika mikataba. Tarehe 13 Mei 2022 Mahakama Kuu ya Mombasa iliamua kwamba haki yao ya Katiba imevunjwa, ikaamuru habari zitolewe. Ikiwa mikataba ya reli nzima yaweza kudaiwa, mkataba wa kisima kimoja utashindikanaje?

Sasa, katika kikundi chenu, jadilianeni maswali haya:

1. Ofisi ikikaa kimya siku 21, sheria inahesabuje kimya hicho?
2. Ni karatasi zipi utakazopeleka kwa Tume?
3. Kijijini kwenu, ni habari gani mnayoihitaji, na ni nani atakayeiandikia barua juma hili?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.