Mieleka ya Sebuleni

Mzazi mwenye watoto wa kiume wawili au watatu waliofuatana anaijua vizuri saa moja ya jioni. Wali uko jikoni, sare za kesho bado hazijafuliwa, simu ya kazini inaita, na sebuleni mto wa kochi umeshageuka silaha. Mmoja yuko chini, wa pili amemkalia tumboni, wa tatu anatafuta mguu wa kuvuta. Mzazi aliyetoka kupanda daladala mbili kwenye foleni hana nguvu ya kuuliza nani kaanza. Anapaza sauti tu: "Acheni kupigana!" Nao, huku wakihema na kucheka, wanamjibu kwa pamoja: "Hatupigani, mama, tunacheza!"

Mara nyingi wanasema kweli, na sayansi iko upande wao.

Katika miaka ya 1960, Mwingereza aitwaye Nicholas Blurton Jones alikaa katika shule ya chekechea akiwatazama watoto kwa namna ambayo wanasaikolojia wa wakati ule hawakuizoea. Yeye alikuwa amefunzwa kuchunguza ndege, chini ya Niko Tinbergen, mtaalamu wa tabia za wanyama ambaye mwaka 1973 alipata Tuzo ya Nobel. Hakuwauliza watoto maswali wala hakuwapa majaribio. Aliandika alichokiona: nani kakunja uso, nani kacheka, nani kakimbia, nani kainua mkono na mkono huo ulikuwa umefumbwa au umekunjuliwa. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1967 yalionyesha kwamba matendo hayo yalijikusanya katika makundi mawili yaliyoachana kabisa. Kundi la kwanza lilikuwa na kukimbizana, kurukaruka, kupigana mieleka, kucheka, na kupiga kwa kiganja kilicho wazi. La pili lilikuwa na kukunja uso, kukodoleana macho, kusukumana, kupiga kwa nguvu na kunyang'anyana. Ugomvi wa kweli ulihusu mali: kigari, kiti, kipande cha chaki. Mieleka haikuwa na mali ndani yake. Tena ugomvi ukiisha watoto hutawanyika, ilhali mieleka ikiisha hubaki pamoja na kutafuta mchezo mwingine.

Nimeanza kuwatazama wanangu kwa jicho hilo, na kwa kweli tofauti inaonekana hata ukiwa na mwiko mkononi. Juzi mkubwa, ambaye ana miaka tisa, alikuwa amelala chali kwenye mkeka na mdogo wake wa miaka mitano amemkalia kifuani. Angeweza kumwondoa kwa mkono mmoja. Badala yake aliacha mdomo wazi, akatoa macho, akajifanya hana pumzi, na mdogo akahesabu "moja, mbili" kabla ya kupinduliwa taratibu. Kelele zilikuwa nyingi, lakini mabega ya wote wawili yalikuwa yamelegea. Halafu gurudumu la kigari likang'oka. Hapo sauti zilikatika ghafla. Midomo ikafumbwa, meno yakauma midomo, shingo zikakaza, na kila mmoja akashika upande wake wa kigari. Mzazi aliye jikoni mara nyingi huitikia kelele, wakati kinachotakiwa kumtoa mbio ni ule ukimya.

Kwa nini watoto watumie nguvu nyingi namna hiyo kwa jambo lisilo na faida ya papo hapo? Jibu zuri zaidi tulilonalo limetoka kwa panya. Jaak Panksepp, mzaliwa wa Estonia aliyefanya kazi miaka mingi katika chuo kikuu cha Bowling Green, Ohio, aligundua mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba panya wachanga wanaocheza, au wanaotekenywa na binadamu, hutoa milio ya takriban kiloherzi 50. Sikio letu hukomea kwenye kiloherzi 20 hivi, kwa hiyo bila chombo maalumu hatuisikii. Panya waliotekenywa waliufuata mkono uliowatekenya ili watekenywe tena. Panksepp aliita milio ile kicheko, jina lililowaudhi baadhi ya wenzake, naye hakulibadilisha hadi alipofariki mwaka 2017.

Sergio Pellis na Vivien Pellis wa chuo kikuu cha Lethbridge, Kanada, walikwenda mbali zaidi. Waliona kwamba panya wanaocheza hulenga kisogo cha mwenzao, wakati wanaopigana kwa dhati huuma ubavuni na makalioni. Kumbe panya nao wana mipaka ya mchezo. Panya waliokulia bila wenzao wa kucheza nao walipofika utu uzima walishindwa kusoma nia ya mwenzao: waliruka kwa hofu pasipo na tishio, au walijibu kwa ukali jambo dogo. Ukubwani, sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayohusika na kujizuia na kupima hali, ilikuwa imejengeka tofauti kwa wale waliocheza na wale walionyimwa mchezo. Binadamu si panya, na hakuna mtafiti mwenye akili timamu atakayemnyima mtoto mchezo ili aone nini kitatokea. Lakini mtu akiniuliza mkubwa wangu anajifunza nini akiwa chali kwenye mkeka, nitamwambia anajifunza kuipima nguvu yake dhidi ya mwili wa aliye dhaifu kuliko yeye, na kuacha pale sauti ya mwenzake inapobadilika. Sijui somo lolote la darasani linalofundisha hilo kwa kasi hiyo.

Katika mieleka ya aina hii mkubwa kuliko wote ni baba, kama yupo, na mwili wake nao umechunguzwa. Blurton Jones yule yule alikuja baadaye kwetu Tanzania, akafanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi. Eneo hilo hilo, mwaka 2009, Martin Muller, Frank Marlowe, Revocatus Bugumba na Peter Ellison walichapisha kazi ambayo ningependa ijulikane katika kila nyumba. Walipima testosteroni, homoni inayohusishwa na uanaume, kwenye mate ya wanaume wa Kihadzabe na majirani zao Wadatoga. Baba wa Kihadzabe hukaa sana na watoto wake wadogo, huwabeba, hulala karibu nao. Baba wa Kidatoga ni mfugaji, na malezi ya watoto wachanga kwake ni kazi ya wanawake. Kwa Wahadzabe, wanaume wenye watoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko wasio na watoto. Kwa Wadatoga hakukuwa na tofauti hiyo. Miaka miwili baadaye Lee Gettler na wenzake walitoa matokeo kutoka Cebu, Ufilipino, ambako walifuatilia wanaume 624 tangu mwaka 2005 hadi 2009. Kwa waliooa na kupata watoto katika kipindi hicho kiwango kilishuka zaidi kuliko kwa waliobaki makapera, na waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kulea walikuwa na viwango vya chini kuliko wasioshiriki kabisa. Mwili wa mwanamume, basi, hufuata kazi ya mikono yake. Kushuka huko si ugonjwa wala upungufu wa uanaume. Mwili umegeukia malezi.

Hiyo testosteroni ndiyo inayosingiziwa pia kwa watoto. Utasikia kwenye vikao vya wazazi, na hata katika vitabu vya malezi, kwamba mvulana akifika miaka minne homoni hiyo humpanda kwa ghafla na ndiyo maana hatulii. Si kweli. Mtoto wa kiume hupata wimbi la testosteroni tumboni mwa mama, kisha jingine katika miezi ya mwanzo baada ya kuzaliwa, ambalo hushuka anapokaribia miezi sita. Kuanzia hapo hadi balehe kiwango chake ni kidogo, hakipishani sana na cha dada yake. Ni kweli kwamba kwa wastani wavulana hujisogeza zaidi kuliko wasichana, na Warren Eaton na Lesley Enns walilithibitisha hilo mwaka 1986 walipokusanya pamoja tafiti nyingi za mwendo wa watoto. Lakini wastani wa makundi mawili yanayoingiliana kiasi kile haukwambii lolote la uhakika kuhusu mtoto aliye mbele yako. Wasichana wengi wana miguu isiyotulia kuliko wavulana wengi.

Msingiziwa wa pili ni sukari. Baada ya sherehe ya siku ya kuzaliwa, keki na soda, mama atasema watoto wamechanganyikiwa. Mwaka 1994 Daniel Hoover na Richard Milich waliwachukua wavulana 35 wa miaka mitano hadi saba, ambao mama zao waliamini sukari inawavuruga. Watoto wote walipewa kinywaji chenye utamu bandia, kisicho na chembe ya sukari. Nusu ya akina mama waliambiwa ukweli, nusu wakaambiwa mtoto amepewa sukari nyingi. Waliodanganywa walisema mtoto wao hashikiki. Kilichonishtua zaidi ni kilichoonekana watafiti walipowatazama mama hao wakicheza na watoto wao: waliwakaribia zaidi, tena walielekea kuwatazama, kuwakosoa na kuwasemesha mara nyingi zaidi. Mtoto hakuwa amebadilika. Aliyebadilika ni mama. Mwaka uliofuata, uchambuzi wa majaribio mbalimbali ulihitimisha kwamba sukari haibadilishi tabia za watoto. Meno yao ni habari nyingine.

Basi, ikiwa ukali wa mvulana hautoki kwenye homoni ya miaka minne wala kwenye soda, unatoka wapi, na sisi wazazi tunaweza kuugusa kwa njia gani? Hapa ndipo utafiti ninaoupenda kuliko wote unapoingia, nao ulifanyika jirani, upande wa kusini wa Nyanza, Kenya.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanaanthropolojia wa Kimarekani Carol Ember aliishi katika jamii ya Waluo karibu na Oyugis. Kuchota maji, kupika, kulea mdogo, vyote vilikuwa vya wasichana. Lakini uzazi haufuati mipango. Kuna mama aliyejaaliwa wavulana watupu, au binti yake bado ananyonya, na kazi haimsubiri mtu. Mama huyo alimwita mwanawe. Ember alipata bahati ambayo mtafiti hawezi kuitengeneza: wavulana waliopewa kazi za wasichana hawakuzipata kwa kuwa wapole, walizipata kwa kukosa dada. Aliwatazama wakiwa kazini na wasipokuwa kazini. Wale waliofanya kazi za ndani ya nyumba walikuwa na ukali mdogo, hawakuwa wepesi kuwaamrisha wenzao, na tabia yao ilikuwa kati ya ile ya wavulana wengine na ile ya wasichana. Tofauti ilibaki hata walipokuwa nje wakicheza. Kazi za nje, kama maji na kuni, hazikuleta badiliko la kiasi hicho. Matokeo yalitoka mwaka 1973. Beatrice Whiting, aliyefanya kazi Kenya kwa miaka mingi, alifikia mawazo yanayokaribiana na hayo: mtoto anayemlea mtoto mwingine huwa mwepesi wa kusaidia.

Ni kijiji kimoja na watoto wachache, nalijua hilo. Hata hivyo sijaona maelezo yanayonishawishi zaidi, na nyumbani kwangu yamebadilisha zamu za kazi za wanangu. Bibi yao hakupenda. "Mwanangu," aliniambia, "mtoto wa kiume utamweka jikoni hadi lini?" Nilimjibu kwa heshima kwamba hadi ajue kupika, naye akanyamaza, ila hajakubali. Mkubwa anachambua mchele kwenye ungo. Wa kati anakuna nazi, huku nikimwangalia vidole. Mieleka yao iko pale pale, hata sauti haijapungua.

Shida ni muda. Mvulana wa miaka saba anayeosha vyombo huchukua mara tatu ya muda wangu, na sakafu hubaki na maji. Mzazi aliyechelewa huona heri aoshe mwenyewe yaishe. Nawasihi wenzangu tusifanye hivyo kila siku. Ukiwa na kazi moja tu ya kumpa mwanao jioni ya leo, usimtume dukani, kwani hiyo ataipenda na haitamfunza kitu. Mpe ya ndani, tena inayomhusu mtu mwingine: amlishe mdogo wake uji, amvalishe soksi, ampelekee babu maji ya kumezea dawa na asimame hapo hadi amalize.