Silika na Akili: Somo Nililopewa na Bahari ya Bondi

Leo nataka tuongelee silika na akili: hivi binadamu anaongozwa na kipi? Wengine hulisoma swali hili darasani. Mimi nilisomeshwa na bahari.

Nimezaliwa Mombasa, na Nyali nimeogelea tangu utotoni. Kwa hiyo mwaka wangu wa kwanza hapa Sydney nilipanda basi namba 333 kwenda Bondi bila wasiwasi wowote. Nikaona mawimbi yanavunjika kwa fujo, lakini sehemu moja maji yametulia, rangi yake nzito. Nikasema, hapa ndipo. Basi bwana, dakika chache tu nageuka, ufuo uko mbali!

Nikafanya ambalo wengi wangefanya: nikaogelea kwa nguvu zote kurudi nilikotoka. Hiyo ndiyo silika. Hatari ikitokea, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala hupiga kengele kabla hujawaza sawasawa. Adrenalini inamwagika, moyo unadunda, mwili unataka kukimbilia salama tu. Ukikutana na mnyama mkali, silika hiyo yaweza kukuokoa.

Baharini inaweza kukuua. Mawimbi yakivunjika juu ya mafungu ya mchanga, maji hujazana ufuoni na lazima yarudi. Hurudi kwa mkondo unaopita penye kina, na penye kina mawimbi hayavunjiki sana, ndiyo maana panaonekana shwari. Mkondo mkali hupita mita 1 kwa sekunde; wengi wetu hatuwezi kuushinda. Haukuvuti chini, ila unakupeleka nje. Kinachoua ni hofu na uchovu. Kule Nyali mwamba huvunja mawimbi mbali na ufuo, kwa hiyo mazoea yangu ya nyumbani hayakunisaidia.

Dawa yake ni kinyume cha silika: usipigane na maji, elea, inua mkono uombe msaada. Ukiweza, ogelea kwa upande, sambamba na ufuo. Mimi niliishiwa nguvu, na kijana mmoja mwenye ubao ndiye aliyenitoa.

Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba nasoma uhandisi, na mtihani wa mwendo wa maji nilikuwa nimeufaulu! Pale majini sikukumbuka hata mstari mmoja. Ndipo nikaelewa: akili haishindani na silika wakati wa hatari, kwani imeshachelewa. Kazi yake huifanya mapema. Zile bendera nyekundu na njano ni akili iliyotangulia: mtu aliyetulia ameshakufikiria kabla hujaogopa. Na waokoaji hurudia mazoezi mpaka mwili unajua wenyewe. Jumapili ya tarehe 6 Februari 1938, mawimbi makubwa yaliwasomba watu zaidi ya 200 hapo hapo Bondi. Watu 5 walikufa, lakini waliobaki waliokolewa, kwa sababu waokoaji walishajua la kufanya.

Kwa hiyo wenzangu, hasa mliofika juzi: silika hatuwezi kuifuta, na hatuna haja. Tuifundishe tu kabla ya siku yenyewe. Ukienda ufuoni, oga kati ya bendera, na usiende peke yako. Majuto ni mjukuu.

Tukutane toleo lijalo, inshallah.