Kompyuta Inapokukata Kabla Hujamaliza

Vikundi vyetu vingi, kutoka Molo na Njoro hadi Subukia na Gilgil, siku hizi vinaweka pesa kwa simu, au katika ushirika wa akiba na mikopo wenye kompyuta. Lalamiko ni lile lile: "Nilikuwa katikati ya kazi, mashine ikanitupa nje!" Wengi husema mtandao ni mbaya. Pengine ni kweli. Lakini mara nyingine mashine imekukata kwa makusudi, na iko na sababu. Tuielewe, kwa maana asiyeielewa anaweza kulipa deni moja mara mbili.

DAFTARI MOJA, WATU WENGI

Ushirika huandika hesabu katika hifadhidata, yaani daftari kubwa lililo ndani ya kompyuta. Kila karani anapoingia, hufunguliwa njia ya kulifikia daftari hilo. Njia hiyo inaitwa muunganisho, na miunganisho ina idadi. PostgreSQL, programu inayotumika sana kutunza hifadhidata, huruhusu miunganisho 100 kwa wakati mmoja kama fundi hajabadilisha. Nyingine, MySQL, huruhusu 151.

Fikirieni kituo cha maji chenye mifereji michache. Mtu anaweka mtungi chini ya mfereji, halafu anaenda kupiga stori. Yeye hateki, na walio kwenye laini hawateki. Muunganisho uliolala ni hivyo hivyo. Nafasi zote zikishikwa, anayekuja nyuma anakataliwa, na sisi tunaambiwa "sistimu imelala."

WANAOKATWA NI WA AINA TATU

1. Aliyeingia akanyamaza. Karani ameenda chai na kuacha kila kitu wazi. Mbali na kushika nafasi, mwingine anaweza kukaa pale na kuandika kwa jina lake.

2. Aliyeanza kuandika akaacha katikati. Huyu ni hatari zaidi. Akianza kubadilisha hesabu ya mwanachama, hifadhidata huifunga ili wawili wasiibadilishe pamoja. Asipomaliza, wengine wanangoja tu.

3. Mwenye kazi ndefu mno. Mfano ni kujumlisha akiba ya wanachama wote tangu ushirika uanze. Huyu hajalala, ila anaweza kuwalemea wengine.

Kwa hiyo fundi huweka kikomo cha muda, na mashine hukata yenyewe. PostgreSQL ilipata kikomo cha aina ya pili mwaka 2016, na cha aina ya kwanza mwaka 2021. Lakini vikomo hivyo havifanyi kazi mpaka fundi aviweke. MySQL humkata aliyenyamaza, lakini kama haikubadilishwa hungoja saa 8. Hiyo ni siku nzima ya kazi!

PESA INAENDA WAPI?

Tuseme karani anahamisha sh. 5,000 kutoka akiba ya mama mmoja kwenda kulipa mkopo wake. Ametoa kwenye akiba, hajaandika kwenye mkopo, akakatwa. Sistimu iliyotengenezwa vizuri hufuta kazi yote, na akiba inarudi ilivyokuwa. Kazi huandikwa yote au haiandikwi kabisa. Hakuna nusu.

Lakini angalieni hapa. Pengine kazi ilikuwa imekwisha kuandikwa, na jibu ndilo lililopotea njiani. Kwenye kioo mambo hayo mawili yanafanana. Anayerudia haraka hulipa mara mbili.

M-Pesa pia, tunayoitumia tangu Machi 2007, ina kikomo chake: ukikawia kuweka namba ya siri, unatolewa. Mweka hazina asirudie papo hapo. Kwanza angoje ujumbe wenye namba ya malipo, aangalie salio, na kama bado ana shaka aulize taarifa ya matumizi. Pesa hiyo si yake, ni jasho la kikundi kizima.

MAMBO YA KUFANYA

- Kusanyeni majina na kiasi kwenye karatasi kabla ya kufungua simu au kompyuta.
- Karani akisimama, atoke kwanza kwenye sistimu.
- Kazi nzito ya mwisho wa mwezi ifanywe jioni, ofisi ikishafungwa.
- Kamati imuulize fundi: vikomo vimewekwa? Ni vya dakika ngapi? Kazi halali iliyo ndefu haitakatwa? Kikomo kifupi mno nacho ni hasara, maana kazi itaanzwa upya kila mara.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Je, tumewahi kulipa mara mbili? Tulijuaje?
2. Kabla malipo hayajarudiwa, ni nani mwingine anayehakikisha pamoja na mweka hazina?
3. Katika ushirika wetu, ni nani aliyeamua muda wa kukata: kamati, au fundi peke yake?