Hasara Ikishavuka Mstari
Tarehe 13 Machi 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, Soko la Hisa la Nairobi lilisimamisha biashara baada ya fahirisi ya NSE 20 kuporomoka kwa zaidi ya asilimia 5. Je, hatari ya siku kama hiyo hupimika kabla haijafika? Hupimika, ila si kwa kipimo ambacho benki zimekizoea kwa miaka mingi. Kipimo hicho husema kwamba katika siku 99 kati ya 100, hasara haitapita kiasi fulani, yaani mstari. Kuhusu siku moja iliyobaki hakisemi neno, na ndiyo siku inayofilisi watu.

Swali lenye faida ni hili: hasara ikishavuka mstari, itafika wapi? Hapo hesabu inakuwa tamu. Tuseme mabadiliko ya bei yanafuata umbo la kengele, na kwa kawaida husogea kama asilimia 1 kwa siku. Hasara ikipita asilimia 2, wastani wake ni 2.37, ikipita 4, wastani ni 4.23. Mstari ukisogezwa mbali, ziada iliyo juu yake inasinyaa. Sasa chukua soko lenye mkia mzito, ambamo hasara ikizidishwa mara 2, uwezekano wa kuipita unabaki sehemu moja ya nane. Humo, iliyopita 4 ina wastani wa 6, na iliyopita 10 ina wastani wa 15! Ziada inakua pamoja na mstari. Abiria wa barabara ya Waiyaki Way jijini Nairobi anaifahamu tabia hii. Akikwama dakika kumi, huenda gari likasonga punde. Akikwama saa mbili, hajaukaribia mwisho hata kidogo, maana muda wenyewe umeshamfunulia kwamba hii si foleni ya kila asubuhi. Kuna lori limepinduka au barabara imefurika, na saa ya tatu inawezekana kuliko alivyodhani alipopanda matatu Kangemi. Hasara kubwa nayo hutoa habari za chanzo chake.

Mtu atauliza: siku hizo ni chache mno, utazipimaje? Wanatakwimu Balkema na de Haan mwaka 1974, kisha Pickands mwaka 1975, walithibitisha kwamba ziada zinazopita mstari wa mbali, karibu katika kila aina ya takwimu, hufuata ukoo mmoja tu wa mikunjo. Kwa hiyo siku mbaya kiasi zinatufundisha kuhusu siku mbaya kupindukia. Mstari uchorwe wapi ni suala lenye mbinu zake.

Mwingine atasema akiba yake iko benki, soko halimhusu. Nchini Kenya, Dubai Bank ilianguka Agosti 2015, Imperial Bank Oktoba, Chase Bank Aprili 2016. Aliyezidisha uwezekano mdogo wa kila benki kuanguka peke yake angepata karibu sifuri, ilhali hofu ya wateja huhama kutoka benki hadi benki. Bima ya amana wakati huo iliishia shilingi 100,000. Ilipandishwa hadi 500,000 mwaka 2020.

Kamati ya Basel, inayoweka kanuni za benki kimataifa, imeshaagiza kwamba kwa hatari za soko benki zipime wastani wa hasara zilizo ng'ambo ya mstari. Wanachama wa mifuko ya pensheni ya Nairobi wanastahili kuisoma namba hiyo katika taarifa zao za mwaka, kando ya faida.