Mwanga Unaotangatanga Mwilini

Zima taa chumbani usiku, washa tochi ya simu, uibane kiganjani. Vidole vitang'aa kama kaa la moto, ila mifupa yake hutaiona. Mwanga umepenya kweli, lakini kwa kuyumba: kila chembe na kila uzi wa nyama umeupiga kumbo, na baada ya milimita moja hivi haukumbuki tena ulikotoka. Damu imemeza rangi nyingine; nyekundu ndiyo iliyosalimika.

Kwa anayetafuta picha ya ndani ya mwili, kutangatanga huko kunaonekana hasara tupu. Mimi naona ndiko kuliko na utamu wote wa elimu ya kuuchunguza mwili kwa mwanga.

Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alibaini kwamba mfupa wa bega la ng'ombe, unene wa milimita 4 hivi, hupitisha mwanga mwekundu. Basi infraredi, isiyoonekana kwa macho, ingeweza kuvuka hata fuvu. Mwaka 1977 akaonyesha katika jarida la Science kwamba oksijeni ya ubongo ulio hai hupimika bila kisu.

Upimaji huo hufanyika hivi: taa ndogo hugusishwa kichwani, na kihisi huwekwa sentimita 3 hivi kando yake. Miale mingi hupotelea humo humo. Michache huzunguka ikaibukia penye kihisi, ikiwa imepita njia iliyopinda kama ndizi: ncha zake ngozini, tumbo lake kwenye gamba la ubongo. Damu iliyobeba oksijeni na ile iliyoishiwa hazinyonyi infraredi sawasawa, hivyo mwanga uliorudi unaeleza damu ya huko ikoje. Ndizi zikiwa nyingi na kupishana, kompyuta hukokotoa picha, yenye ukungu lakini yenye habari.

Ila mwanga huvuka ngozi kwanza, na melanini, rangi ya ngozi, nayo hunyonya. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni ni ndugu wa kifaa hiki. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kilishindwa kugundua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya weupe. Hilo linaniuma. Ngozi iliyosahauliwa kifaa kikiundwa hulipia wodini.

Ndiyo maana naithamini kazi ya Keneba, kijiji cha Gambia, ambako watafiti wamewavalisha watoto wachanga kofia zenye taa hizo. MRI, kipimo cha picha za ndani kwa sumaku, humtaka mtoto atulie tuli ndani ya mtambo wenye kelele. Hapa anakaa mapajani mwa mama, anatazama, anasikiliza, huku mwanga ukizunguka kichwani mwake na kurudi.