Mjadala chuoni si mhadhara wa pili

MWANAFUNZI wa uzamili hukabidhiwa kundi la wenzake thelathini wa shahada ya kwanza, orodha ya mahudhurio na kipande cha chaki. Maelezo mengine hapewi. Wiki hiyo hiyo anatarajiwa kuongoza kipindi cha mjadala.

Hali hiyo si ngeni katika vyuo vikuu vya humu nchini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanzisha mpango wa masomo ya kujilipia mnamo 1998, na vyuo vingine vya umma vikafuata mkondo huo, kumbi za mihadhara zilifurika. Mwanafunzi aliyeketi katikati ya mamia ya wenzake alibakiwa na kipindi cha mjadala kama nafasi yake ya kusikika.

Aghalabu nafasi hiyo hupotea. Kwa kuogopa kimya, mkufunzi msaidizi huanza kurudia yale aliyosema mhadhiri, nao wanafunzi huinamia daftari na kunakili. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kufuzu, akawa wakili, mwalimu au afisa wa utawala, bila kuwahi kutetea hoja yake mbele ya wenzake.

Lawama si za msaidizi peke yake. Jukumu la kumwelekeza ni la mhadhiri mwenye somo. Kikao cha nusu saa kila wiki chatosha kukubaliana juu ya mambo mawili: lengo moja la mjadala, na maswali mawili au matatu ya kulifikia lengo hilo.

Swali ndilo uti wa mgongo wa kipindi. Chukua mfano wa riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert. Msaidizi akiuliza ni nani aliyemshtaki Karama, atajibiwa kwa neno moja, "Majivuno", na mazungumzo yataishia hapo. Lakini akiuliza kwa nini Karama anajitetea kwa kusimulia masaibu ya wajumbe waliomtangulia, badala ya kukanusha tu mashtaka, kila msomaji atakuwa na la kusema, na atalazimika kurejelea kitabu ili kulithibitisha.

Baada ya kuuliza, asubiri. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alichunguza masomo ya sayansi katika shule za msingi. Aligundua kuwa walimu wengi walingoja takriban sekunde moja tu kabla ya kuendelea kuzungumza. Walipongoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu na wanafunzi wengi zaidi walishiriki. Ingawa uchunguzi huo ulihusu watoto, funzo lake lafaa chuoni pia: kimya kifupi ni muda wa kufikiri, si ishara ya kushindwa.

Mbinu nyingine ni ile iliyoasisiwa na Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland mnamo 1981. Kila mwanafunzi hufikiri peke yake, kisha hujadiliana na jirani yake, halafu wawili hao huwasilisha maoni yao kwa darasa zima. Mwenye haya hupata nafasi ya kuipima kauli yake kwa mtu mmoja kabla ya kuisema mbele ya wote.

Fauka ya hayo, msaidizi hana budi kuweka kanuni tangu siku ya kwanza. Hoja ya mtu yaweza kupingwa, lakini lafudhi yake isichekwe. Msemaji hodari asiachiwe kipindi kizima. Naye msaidizi asipojua jibu, akiri hivyo na aahidi kulitafuta. Kwa kuwa umri wake haupishani sana na wa anaowafundisha, heshima yake itatokana na ukweli na maandalizi, si ukali.

Suala la alama nalo huzua manung'uniko. Kabla ya kugawana insha za kusahihisha, yafaa mhadhiri na wasaidizi wake wote wasahihishe chache zile zile, kisha walinganishe alama walizotoa. Hivyo, mwanafunzi hatapata alama ya chini kwa sababu tu aliangukia kundi la msahihishaji mkali.

Hatimaye, mhadhiri aketi nyuma ya darasa angalau mara moja kwa muhula, asikilize, na baadaye amshauri msaidizi wake faraghani. Msaidizi wa leo ndiye mhadhiri wa kesho, na mwana umleavyo ndivyo akuavyo.